Watoto Wenu

Jumamosi, Liuli. Jua limewaka tangu asubuhi, ziwa limetulia, kila uwanja umeanikwa usipa, dagaa wa ziwa hili. Mimi nimechoka mpaka ulimi.

Leo tulikuwa na mkutano wa kijiji. Mkuu wa shule alinituma nikawashawishi wazazi wajitolee kusomba mchanga na mawe tujenge bweni la wasichana. Wanaotoka vijiji vya mbali wamepanga vyumba mitaani, wanajipikia, wanalala peke yao, na hatumalizi mwaka bila mmoja kuacha shule kwa mimba. Nilichaguliwa kwa kuwa nafundisha Kiswahili na kusimamia midahalo. Eti kuongea ndiyo fani yangu.

Basi nikaongea. Nilianza taratibu, nikawachekesha, nikapandisha sauti. Watoto wenu wanalala wapi? Watoto wenu wanakula nini? Nani anawalinda watoto wenu? Makofi yakalia, nami nikavimba kichwa.

Akasimama mama mmoja muuza samaki.

"Mwalimu, umesema vizuri, tumesikia. Ila watoto wenu, watoto wenu, kwani ni wetu tu? Wa kwako anasoma wapi?"

Binti yangu yuko bweni, Songea. Nilisema hivyo kwa sauti ndogo, na watu wakaguna. Mwenyekiti alipoomba wanaokubali wanyooshe mikono, ikanyooka ya walimu wenzangu na mingine ya kuhesabika. Suala likaahirishwa mpaka baada ya mavuno.

Ningesema "wetu" tu, yangeisha. Darasani nawafundisha wanafunzi hayo hayo kila muhula: msemaji ajiweke pamoja na wasikilizaji.

Lakini ningekuwa nawadanganya. Mimi ni Mmatengo wa Mbinga, nimeishi hapa miaka mingi na bado nasema "huku kwenu". Mwanangu nilimpeleka mbali kwa sababu vyumba hivyo vya kupanga navijua. Yule mama alinisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwenyewe, na imeniuma.

Jioni nilimkuta bombani mwanafunzi wangu, msichana wa kidato cha pili anayetoka mbali, kijiji cha Chiwanda. Amepanga chumba nyuma ya soko, na mlango wake hauna komeo, anaufunga kwa kamba.

"Shikamoo, mwalimu. Umehutubia vizuri, hata mimi nimelia."

"Marahaba. Asante, mwanangu."

Hilo "mwanangu" lilitoka lenyewe, bila ufundi wowote. Akajitwika ndoo yake akaenda, nami nikarudi nyumbani, nikafunga mlango.

Chumba cha binti yangu kiko kitupu mpaka likizo. Kwa nini sikumwambia yule msichana aje alale humo?