Kiraka cha Ufizi

Gongoni, Tabora
9 Machi 1975

Kwa Dada Zamda, Tura,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na reli yake. Sisi huku wazima, na mimi nawashinda wote, maana mdomo wangu umeshonwa na daktari wa Dar es Salaam.

Usishtuke. Fizi za meno yangu ya mbele ya chini zilikuwa zikishuka kama soksi za mwanafunzi. Nikinywa maji ya mtungi naruka. Daktari wa hapa akasema yakiachwa yatang'oka, akaniandikia cheti cha kwenda Dar. Nikawaza, fundi kibogoyo nani atampelekea suti ya harusi? Nikapanda gari moshi.

Huko nikaelezwa kwamba watachuna kinyama kwenye kaakaa, wakibandike chini ya meno. Nikamwambia daktari kiraka nakijua, asinifundishe kazi. Kanichoma sindano ya ganzi, kashona. Nikaomba kioo nikague. Dada, mshono mdogo, umenyooka! Nikamwambia akichoka na udaktari, kwangu kuna cherehani ya pili. Wodi nzima ilicheka mpaka muuguzi akaja kututuliza.

Lakini kabla ya kushona aliniuliza meno haya nayafanyia kazi gani. Nikajibu yanatafuna, kama ya watu. Akachomoa katikati yake kipande cha uzi wa buluu, ule wa kaunda suti, akanionyesha.

"Fundi," akasema, "huna mkasi?"

Nikajifanya ganzi imeshika hadi ulimi.

Dada, mkasi ulionipa ulipoolewa, ule ninaokuandikia kila Idi kwamba bado unakata kama wembe, sinao mwaka wa tatu huu. Nilikwenda Ipole kushona sare za shule, nikamkuta mkunga Apolinaria anachemsha wembe wenye kutu wa kukatia kitovu, na mzazi ndani analia. Nikamwachia mkasi. Tangu siku hiyo uzi nakata kwa meno, na wewe nakudanganya. Mtoto aliyezaliwa pale wamemwita Zamda. Kwao Wakatoliki, ikabidi padri amwongezee Flavia mbele.

Kiraka kimeshika, meno hayatikisiki. Nisamehe. Ukija Idi niletee mkasi mwingine, ila uufunge mwenyewe kwa mnyororo kwenye cherehani. Najijua.

Msalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu; mimi kubusu bado nimekatazwa.

Ni mimi mdogo wako,
Abbasi, fundi cherehani