Wali Usio na Chumvi

Damauli, Tanahun,
Nepal.
6 Machi

Mpendwa mdogo wangu Rewati,

Pokea salamu zangu na za mama mkwe. Mgongo wako unaendeleaje? Na mumeo Kedar, bado anatoka kazini alfajiri? Sisi tu wazima wa mwili. Nyumba ndiyo haijazoea. Juzi nilimimina chai vikombe vinne, nikakumbuka tuko watatu, nikakinywa mimi kile cha shemeji yako.

Asante kwa shali nyeupe. Naivaa kila siku. Mwanangu Nirajan naye hajavua nguo zake nyeupe za msiba, mpaka mwaka wa baba yake utimie.

Sasa nikueleze habari zake, maana atafika huko kwenu Adelaide mwezi wa saba. Alipata nafasi mbili za masomo. Moja ni ya misitu, kazi ya baba yake, tena kwa ufadhili, ila sharti arudi nyumbani akimaliza. Nyingine ni upishi, ambao baadaye waweza kumfungulia ukaazi wa kudumu. Bwana Lokendra, wa ofisi ya kupeleka wanafunzi ng'ambo, alitucheka: "Dada, miti itamrudisha, sufuria itambakiza. Amueni mapema, mambo haya hubadilika!"

Upishi, Rewati! Huyu aliyekuwa hajui hata kuchemsha maji. Alijifunza zile siku kumi na tatu za msiba. Hukuweza kufika, na mimi sikukusimulia. Tulikaa pembeni, mimi na yeye, hatuguswi na mtu kama desturi ya wafiwa, kila mmoja na moto wake, tukipika wali wetu mara moja kwa siku, bila chumvi. Siku ya kwanza wa Nirajan uliungua. Bibi yake akamfokea kutoka mlangoni, "We mjukuu, unapika au unachoma matofali? Punguza moto!" Tulicheka, halafu tukalia. Kufikia siku ya kumi na tatu wali wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Jumapili aliniwekea fomu zote mbili mbele yangu. "Mama, sema wewe. Ukitaka nirudi, nachukua misitu, na sitanung'unika."

Nilitaka kusema rudi. Neno lilishafika mdomoni. Nikamkumbuka baba yake. Kila ndege ilipopita juu yetu aliacha kukamua, akasimama na ndoo mkononi mpaka mlio uishe. Ujanani alipata nafasi ya kusoma mbali, mama yake akalia, naye akabaki. Hakumlaumu hata siku moja. Alisimama tu na ndoo.

Nikasema, "Upishi."

"Mama, una hakika?"

"Nenda kakamue ng'ombe, umechelewa."

Sikulia mpaka alipotoka.

Nakuomba jambo moja. Baada ya sikukuu ya Tihar, mwaka wa baba yake utakapotimia, atakuwa kwako. Siku hiyo mpe sufuria, mwachie jiko, mtu asimguse. Chumvi iwekeni mbali. Usimsaidie hata ukisikia harufu ya kuungua. Nami huku nitakuwa nimewasha moto wangu.

Nisalimie Kedar, na mtoto Susmi umbusu kwenye paji la uso. Mungu awalinde, awape usingizi mtulivu. Mama mkwe anawabariki nyote, na amesisitiza niandike hivi: mwambieni Nirajan akifika huko, kwamba safari hii bibi yake hakulia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kama siku ile ulipoondoka,

Tulasa