Ufa Nilioupaka Rangi

Dada mshauri, najua ukurasa wako umezoea mambo ya ndoa na mawifi, na mimi sina mke wala mchumba, lakini nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa na sioni wa kumwambia, kwa hiyo ukiona halikuhusu litupe, ila nakuomba kwanza ulisome mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina miaka ishirini na sita, nafanya kazi kwenye karakana ya kaka yangu ambaye ni seremala, na huyo kaka ndiye aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki, yeye na mkewe, na huyo mkewe, yaani shemeji yangu, si mtu wa kukaa tu, yeye ndiye mkataji wetu, mkono wake umetulia kuliko hata wa kaka, na wateja wakitaka kiti chenye mgongo wa kupinda wanamuulizia yeye. Mwaka jana nilifeli chuo cha ufundi nikarudi nyumbani kichwa chini, kaka hakunisema hata neno moja, alinipa kona ya karakana akaniambia, "Fanya unachoweza," na mimi kwa kutaka kumwonyesha kwamba hakunilea bure nikaunda msumeno wa utepe.

Kama huujui, dada, ni ule msumeno ambao meno yake yako kwenye utepe mrefu wa chuma uliounganishwa ncha kwa ncha, unazungushwa na magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na wewe unausukuma ubao pale katikati ukatwe. Magurudumu niliyakata kwenye plaiwudi, mota niliitoa kwenye mashine mbovu ya kufulia, na ule mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu la juu, ambao ndio unaobeba mzigo wote, ulitakiwa uwe chuma kizima, lakini siku hiyo sikuwa nacho na kaka alikuwa amesimama mlangoni anasubiri kuona, basi nikachukua kipande cha bomba la maji nikakichomelea. Nilijua, dada. Nilijua kabisa kwamba bomba haliwezi ule mzigo, nikajiambia nitalibadilisha nikipata chuma, na chuma nilikuja kukipata, sikulibadilisha.

Tulipouwasha ukapita kwenye ubao wa inchi mbili kama unakata sabuni, kaka akacheka mpaka akafuta machozi, akaanza kuniita Injinia, na mtaa mzima ukafuata. Nilikuwa nimetengeneza na kifuniko cha bati cha kuficha magurudumu, ila gurudumu la juu lilikuwa linayumba kidogo likawa linakikwaruza, kelele tupu, kaka akasema, "Kitoe bwana, nataka nione utepe unavyokwenda," nikakitoa, sasa tunakitumia kuwekea misumari.

Wiki tatu zilizopita, mchana, shemeji alikuwa anakata migongo ya viti na mimi niko nyuma yake kama hatua nne, nikasikia sauti ya mashine inabadilika, kama mtu anayepaliwa, nikainua macho nikaona gurudumu la juu linalala upande, na kabla sijafungua mdomo utepe ukatoka njiani, ukakatika, ukaruka nje na kumchana mkono wa kulia kuanzia kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko. Hakupiga kelele. Aliubana mkono kifuani, akasema tu, "Zima."

Kaka akatoka stoo mbio, akaona damu, na kwa ule mshtuko wake akaanza na lawama: "Si nilikwambia usiwe unasukuma mbao kwa nguvu?" Shemeji akasema hakusukuma. Kaka akanigeukia. "Injinia, mashine unaijua wewe. Alisukuma au hakusukuma?"

Dada, mimi nilikuwa nimeona kila kitu. Nikasema, "Labda alisukuma kidogo."

Wakaenda zahanati nikabaki peke yangu, nikapanda kwenye kiti nikachungulia, nikakuta lile bomba limepasuka kwenye mshono wa kuchomelea, ufa wa urefu wa kidole, na badala ya kukaa chini niwasubiri niwaonyeshe, nikachomelea juu yake harakaharaka, nikapaka pati ya kuzibia, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kijani mashine nzima ili pasionekane papya, na waliporudi, shemeji ana nyuzi kumi na tisa mkononi, kaka akanishika bega akanisifu eti hata siku kama hiyo sikuisahau kazi.

Tangu hapo shemeji ameondolewa kwenye kukata, anapiga msasa kwa mkono wa kushoto, na mafundi wa karakana za jirani wakipita wanatania kwamba mwanamke na mashine wapi na wapi, na anawasikia. Juzi alinifuata nikiwa nafagia vumbi la mbao, akasimama mbele ya fagio. "Shemeji, hebu niangalie. Kweli nilisukuma?" Nikamwambia nilikuwa nimegeukia upande wa pili. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Haya," akarudi kwenye msasa wake.

Sasa kilichonifanya nikuandikie ni kwamba jana nimeona kwenye ile rangi mstari mwembamba wa kutu, mahali palepale, na tumepata kazi ya madawati ya shule, na kaka amesema nyuzi zimeshatolewa kwa hiyo Jumatatu shemeji arudi kwenye mashine, "ila safari hii ukate kwa adabu." Nikisema, kaka hataniangalia tena usoni. Nikinyamaza, sijui. Nimefikiria niharibu mota nisingizie imeungua, nimefikiria nihame mji, na Mungu anisamehe, nimefikiria pia kwamba labda itashika mpaka madawati yaishe. Niambie nifanye nini. Namba yangu ya simu nimeiandika chini, usiichape.

Fundi mwenye hofu

JIBU

Ndugu yangu fundi, barua yako imenifikia leo Jumatatu saa nne asubuhi. Niliisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye neno Jumatatu niliiweka chini nikachukua simu. Jibu hili nakutumia leo hii; wasomaji watalikuta gazetini wiki ijayo, na nyote watatu mmekubali lichapwe. Kwa hiyo nawaeleza wao kilichotokea, maana wewe ulikuwepo.

Ulipokea kwa kunong'ona, na nyuma yako kulikuwa na mngurumo. Nikakuuliza, "Nani yuko kwenye mashine?" Ukasema, "Shemeji." Nikakwambia nenda kachomoe waya ukutani. Ukaniambia kaka yupo na mteja, acha watoke kwanza, utamwambia mchana. Nikakwambia sikati simu, na kwamba kila neno unalonijibu shemeji yako anakata nalo ubao mwingine. Nilikuwa nasikia pumzi zako na ule mngurumo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeishika meza. Halafu nikasikia viatu. Mngurumo ukashuka, ukashuka, ukafa, na mwanamume akauliza, "Nani amezima?"

Ulisema, "Mimi. Shemeji hakusukuma. Bomba lilipasuka, mimi nikalipaka rangi."

Kisha shemeji yako akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Rudia. Wale mafundi wa nje hawajasikia." Ukarudia.

Uliniambia baadaye kwamba kaka yako alichukua nyundo akagonga pale penye kutu mara moja tu, wala si kwa nguvu, na gurudumu la juu likaanguka pamoja na bomba lake juu ya meza, mahali kilipokuwa kiganja cha mkewe dakika mbili kabla. Akakaa kwenye rundo la mbao, na mteja akaondoka bila kuaga.

Sasa nikuseme, na unisikilize. Umefanya leo kitu ulichopaswa kufanya wiki tatu zilizopita, kwa hiyo usitegemee makofi kutoka kwangu. Unasema unamwogopa kaka. Kaka huyu hakukusema hata ulipofeli chuo. Unamwogopa kwa lipi? Uliogopa kurudi kuwa yule kijana wa kichwa chini, na ili usirudi ukamwacha mwanamke aliyekulea achekwe na kila mpita njia huku anapiga msasa kwa mkono mmoja. Aibu ninaielewa, inakaba kweli. Bomba la maji ningekusamehe hata mimi, fundi gani hajawahi kukosea. Ile rangi ya kijani ndiyo inayoniuma, kwa sababu uliipaka ukiwa umetulia, na msasa ulipiga.

Na wewe kaka mtu, najua unasoma juu ya bega lake. Mkeo alikwambia hakusukuma. Miaka yote hiyo unaujua mkono wake, ukaenda kumuuliza mwingine. Wale jirani waliocheka walijifunzia kwako. Uwaite wewe, uwaambie wewe.

Mashine hiyo isichomelewe tena, hata kwa majaribio. Ikateni vipande leo, muibakize mota tu. Mwenye shule aambiwe ukweli kwamba madawati yatachelewa, na mbao zikapasuliwe kiwandani kwa watu wenye mashine zao. Ukitaka kuunda nyingine, na mimi naamini unaweza, usiguse chuma mpaka fundi wa kukereza vyuma anayeijua kazi yake aukague mpango wako. Mkono uwe chuma kizima, magurudumu yazunguke bila kuyumba, kifuniko kifungwe kabla utepe haujawekwa, na swichi ya kuzima iwe mahali ambapo mtu anaifikia kwa goti huku mikono imeshika ubao. Atakayesimama mbele yake kwanza, siku nyingi, ni wewe.

Lakini hayo yote yatasubiri, kwa sababu kuna jambo hukuniandikia kwa kuwa hukulijua. Kabla hatujakata simu shemeji yako aliiomba, akatoka nayo nje. Ameniambia vidole viwili vya mwisho vya mkono ule havikunji tangu siku ile. Hakumwambia mtu, kwa sababu alishaambiwa kosa ni lake, akaona hana wa kumlalamikia. Asubuhi hii alikuwa anasukuma mbao kwenye meno ya msumeno kwa vidole vitatu. Nikamwomba ruhusa nikwambie, akafikiri, akasema, "Mwambie."

Zahanati ilishona ngozi. Ndani kuna kano zinazovuta vidole, na kano ikikatika haijiungi yenyewe. Kila siku inayopita inampunguzia nafasi ya kupona. Kaka yako, baada ya mkewe kumwambia leo, anasema mtampeleka Alhamisi. Alhamisi ni mbali. Fungeni karakana sasa hivi, nendeni hospitali kubwa, nyote watatu, na msimwache apange foleni peke yake. Na daktari akiuliza aliumiaje, jibu wewe.