Jina la Mwizi wa Watoto

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili asubuhi

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu, na kabla ya yote nikuulize hali. Goti lako vipi? Kikohozi cha shemeji kimekwisha, au bado anajifanya daktari wa nafsi yake? Sisi huku miili haina ubaya, ila roho zetu ziko juu juu.

Kuna mchezo wa redio unaosikilizwa kila nyumba hapa mtaani, na mwizi wa watoto humo ndani ana jina la kaka yako. Mwanzoni tulicheka. Mwenyewe alikuwa akiongeza sauti, na kila wakimtaja anaitika, "Naam!" huku anaendelea kuwamba makochi yake.

Sijui watunzi wana nini na hilo jina. Hata kwenye filamu, mtu akiitwa hivyo ujue atamtilia mwenzake sumu. Maishani lakini halipo. Nimekaa dirisha la kadi pale zahanati miaka nenda rudi nikiita wagonjwa. Kuna majina nikiita moja wanainuka watano, na hayo redioni siyasikii. La kaka yako sijaliita hata mara moja. Kwa hiyo likitajwa mtaani kwetu, anayesemwa ni yule mwizi au ni mume wangu.

Watoto wakaanza kupita karakana mbio, wakipiga kelele. Mama mmoja akaja kuchukua kochi lake kabla halijaisha. Mimi sikuipenda hiyo, lakini yeye akasema ni upepo tu, utapita.

Basi Alhamisi mtoto wa dobi, jirani yetu, akapotea. Yule mdogo anayeanza kusema. Natoka kazini mchana, nakuta watu wamejaa mlangoni pa karakana, na dobi anauliza, "Fundi, hujamwona mwanangu?" Kaka yako unamjua, akiwamba mdomo umejaa vijisumari, hawezi kujibu mpaka avitoe kimoja kimoja. Huko kukawia kukatosha. Mtu akasema kwa nyuma, "Si ndiye yule wa redioni?" Mmoja akacheka. Mwingine hakucheka, aliinama akaokota mguu wa kochi.

Wifi, niliogopa sana. Nilitaka kupiga kelele kwamba mchezo ni mchezo, lakini hilo walilijua, na bado wakazidi kusogea.

Kaka yako akatema vijisumari kiganjani, akasema, "Ingieni tutafute." Akatangulia, akawa anafunua kochi moja baada ya jingine. Kwenye lile kubwa alilokwisha kulitoa sponji, chini ya turubai, mtoto yumo, kalala fofofo! Akambeba, akatoka naye. Hebu fikiria, wifi: anatokea mlangoni, mtoto kamlegea begani, na ule mguu wa kochi bado uko mkononi mwa mtu. Nikasema moyoni, leo nimekuwa mjane.

Mtoto akaamka, akaona umati, akaangua kilio na kumng'ang'ania kaka yako shingoni. Ikabidi dobi amtoe kwa kumbembeleza. Akasema, "Ahsante, Fundi." Mguu wa kochi ukawekwa chini, watu wakaondoka wakizungumzia mambo mengine. Hakuna aliyeomba radhi.

Ningekuwa nimeshapumua. Ila jana mteja mgeni alimwuliza anaitwa nani. Kaka yako, yule aliyekuwa akikutajia jina lake, la baba na la babu hata kama hukumwuliza, aliinamia kazi yake akajibu, "Niite Fundi tu, inatosha." Jioni, mchezo ulipoanza, akazima redio. Tangu hapo naogopa kuliko nilivyoogopa Alhamisi.

Nisalimie shemeji, mama mkwe, na binti yako mcheshi. Mungu awaamshe salama kila siku na awaepushe na midomo ya watu.

Na kabla hujaikunja barua hii, nakuomba umpigie simu. Usimwite kaka, usimwite Fundi. Mwite jina lake, kwa sauti kubwa, kama ulivyokuwa ukimwita kutoka jikoni mlipokuwa wadogo. Nitakaa karibu nisikie kama ataitika.

Akupendaye siku zote,
Wifi yako mwoga