Intaneti ya Chumba cha Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa Mama amehamishwa. Hospitali imempeleka mji mwingine na hapa hajaletwa mtu wa kushika nafasi yake. Yeye ndiye amekuwa akimfundisha Mama kusema upya tangu kiharusi cha mwaka jana. Siku ya kwanza alituambia maneno yote yamo kichwani, hakuna hata moja lililopotea, njia ya kutokea tu ndiyo imeharibika.

Leo kanipigia. Yuko tayari kuendelea kwa video, Jumanne na Alhamisi alasiri. Sharti lake moja — intaneti isiyokatika. Mama akikatizwa katikati ya neno, neno linarudi ndani, na kulitoa tena ni shughuli.

Intaneti ya simu yangu hapa nyumbani ni aibu tupu. Ghorofa la jirani limetuziba. Picha inaganda, sauti inakuja vipandevipande kama ya mtu anayezama. Basi nimeamua. Waya wa simu ya mezani bado umo ukutani tangu enzi za Baba. Nimeuliza kampuni ya simu, wanasema intaneti inaweza kupita humo humo, na simu isizimike. Nimeomba wanifungie.

Jioni Kaka, aliye hapa mjini kikazi wiki hii, alipita. "Shikamoo, Mama." Mama akaanza kuikusanya midomo, shingo ikakaza, niliona neno linapanda — Kaka akajijibu mwenyewe, "Marahaba, marahaba," akacheka na kumbusu kichwani. Si mtu mbaya kaka yangu. Hana subira tu, hata ya kungoja chai ipoe.

Nikamweleza habari ya intaneti. Akasema nisijisumbue. Yeye na shemeji wameshaandaa chumba kule kwao, mwendo wa siku nzima kwa gari. Mama akahamie huko apumzike, masomo ya nini tena kwa umri ule, yanamchosha bure. Jumanne ya wiki ijayo anakuja kumchukua.

Mama mwenyewe kasemaje?

"Nilimuuliza, akatikisa kichwa."

Akakitikisa vipi? Kwenda chini au kwenda pembeni?

Hakumbuki.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa kampuni amekuja. Mtu wa makamo, mfuko wa vifaa kiunoni, maneno machache. Akafungua kisanduku kilicho nje chini ya paa, akabana nyaya, akapima. Laini iko hai, akasema. Akaniachia modemu — kitu cheupe, bapa, chenye antena mbili kama masikio ya sungura — akasema maelezo yote yamo kwenye boksi, yeye ana nyumba nyingine zinamngoja. Akaondoka kabla sijauliza lolote.

Si kitu. Mimi ni mshona mapazia. Nimetoboa kuta za watu na kuning'iniza mabomba ya mapazia kwenye madirisha ambayo mafundi waliyakimbia. Kasanduku haka kanishinde?

Kamenishinda.

Waya wa simu nimechomeka kwenye soketi ya sebuleni. Taa ya umeme, kijani. Taa ya DSL, ile ya laini yenyewe, inapepesa, inapepesa, inatulia — nashangilia kimoyomoyo — inakufa. Inaanza upya. Hivyo hivyo mpaka nikasikia kizunguzungu. Huduma kwa wateja nao: muziki, muziki, halafu dada mmoja mwenye sauti ya kukariri. Zima, subiri, washa. Nimezima? Nimezima. Nimesubiri? Dada, mimi tangu asubuhi kazi yangu ni kusubiri.

Mama alikaa kwenye kiti chake kunitazama. Alikuwa akipigapiga mkono wa kiti na kunionyesha huko ndani. Nikampelekea maji. Akayanywa, akaanza tena. Nikampelekea mengine.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya somo la kwanza kwa video. Modemu haijakubali, nikalazimisha kwa simu yangu, nimesimama dirishani nimeinyanyua juu kama naombea mvua. Mwalimu akatokea. Mama akafurahi, mkono wake mzima ukapanda kumpungia. Wakaanza. Mama akatoa "ma—" na picha ikaganda. Uso wa Mwalimu umesimama, mdomo wazi, macho nusu.

Mama alidhani amekosea. Alidhani uso ule ni wa mtu aliyemshangaa. Akafumba mdomo, na hajaufungua tena leo, hata chakula amekataa.

Nimelia kidogo juu ya pazia la mteja. Halafu nimelipiga pasi lisionyeshe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekisoma kijitabu cha modemu chote, na miwani, na kalamu. Kumbe kuna kichujio. Kidude kidogo cha plastiki, unakiweka kati ya simu na soketi ili sauti ya simu isivuruge intaneti. Kila simu iliyo kwenye laini iwe nacho. Vilikuwa viwili kwenye boksi, mimi nikadhani ni takataka za kufungia mzigo. Kimoja nimeweka kwenye simu ya sebuleni.

Taa ya DSL ikasimama! Ila taa ya intaneti nyekundu. Nikaandika upya jina na nywila walizonipa. Nyekundu. Nikaandika tena. Saa ya tatu nikagundua nilichosoma kuwa herufi O ni sifuri. Kijani. Nikasoma habari za hali ya hewa kwa raha zangu, nikazisoma tena.

Kisha ikakatika. Ikarudi. Ikakatika.

Sirudi nyuma. Nimeshafika hapa.

Jumamosi, 8 Machi

Hii niiandike vizuri.

Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni na kitochi, nafuata waya pembezoni mwa ukuta. Mama kwenye kiti. Akaanza tena — anapiga mkono wa kiti, anaonyesha ndani. Maji? Hapana. Chooni? Hapana. Kulala? Aliupiga mkono wa kiti kwa nguvu mpaka nikaruka. Amekasirika kweli. Nikataka kumbembeleza, nikajikumbusha alivyotufundisha Mwalimu: usimtajie maneno, usimkisie, nyamaza umngoje. Ni rahisi kusema. Nikakaa chini sakafuni, nikafunga mdomo wangu.

Akajinyanyua. Akashika fimbo. Nikamfuata nyuma hatua kwa hatua, mikono tayari, bila kumgusa. Akaingia chumbani kwake, akaenda upande wa ukutani wa kitanda, akaanza kuvuta mablanketi yaliyorundikwa pale. Nikamsaidia kuyatoa. Chini ya mablanketi, simu. Ile ya pili, ambayo Baba alimwekea Mama ili azungumze na mashoga zake akiwa amejilaza. Imejaa vumbi, na bado imechomekwa ukutani. Haina kichujio.

Nilikuwa nimeisahau kama haijawahi kuwepo.

Nikaweka kichujio cha pili. Nikarudi sebuleni. Taa zote kijani. Nikasuka mkeka mzima wa wasiwasi pale mbele yake, nikapika, nikafua, nikarudi. Kijani.

Mama alinitazama kwa lile jicho lake la si-nilikwambia. Na kweli aliniambia. Tangu Jumatano ananiambia. Mama amekunywa maji mengi sana wiki hii.

Jumapili, 9 Machi

Sebuleni intaneti inakimbia kama mbuzi. Chumbani kwa Mama hakuna kitu. Ukuta wa kati ni wa mawe, na kabati lake lenye kioo kikubwa limesimama barabara njiani. Simu yangu kule ndani inaona mitandao ya majirani tu. Mmoja unaitwa Nunua Yako. Mwingine unaitwa Hata Wewe Shangazi. Nimecheka, Mama naye akacheka. Kicheko chake hakikuguswa na kiharusi, kimetoka chote.

Angeweza kusomea sebuleni, najua. Nimemuuliza, akaonyesha chumbani. Nimeelewa. Hataki kuhangaika na neno mbele ya kila anayepiga hodi.

Basi nimechukua drili yangu ya kazi. Nimepima kama ninavyopima dirisha la mteja, nikatoboa ukuta wa sebule juu ya soketi, nikapitisha waya mrefu wa simu mpaka koridoni, nikaifunga modemu ukutani mkabala na mlango wa Mama. Kabati nimelisukuma hadi upande wa pili kwa mgongo, miguu nimeikaza kitandani. Kaka alipiga simu katikati ya kelele.

"Unatoboa nyumba ya Baba?"

Nikamwambia naam, ninaitoboa.

Akanikumbusha safari, Jumanne asubuhi. Nikamwambia aje alasiri, baada ya somo. Akasema somo moja litabadilisha nini. Nikasema sijui. Akakubali shingo upande.

Nimempigia Mwalimu kwa video kutoka kitandani kwa Mama. Uso wake safi, hata hereni zinaonekana. Nikamweleza habari ya safari, na kwamba hakuna anayejua Mama anatakaje. Akaniuliza kwani hamjamuuliza. Nikasema ameulizwa. Akasema, kuulizwa na kungojwa jibu ni vitu viwili.

Jumanne, 11 Machi

Naandika koridoni, kwenye stuli, modemu juu ya kichwa changu. Somo linaendelea ndani.

Kaka amewahi. Gari liko nje, na begi la Mama — amelipanga mwenyewe, nguo zimetoka nje ya zipu — liko mlangoni. Mama alilitazama begi, akanitazama mimi, akaingia chumbani, akakaa mbele ya simu. Mwalimu akamsalimu. Kabla sijatoka nikamsikia akisema taratibu, "Mama, leo nina swali moja tu. Unataka kuishi wapi? Nina muda." Mama akanipungia mkono nitoke. Nifunge na mlango.

Nimefunga.

Kaka amekuja kukaa sakafuni pembeni yangu, na suti yake. Ananong'ona, Mama amesinzia? Nimemwambia hapana, anatafuta. Ndani kimya. Kisha pumzi, kama ya mtu anayepuliza moto. Kisha sauti isiyo neno. Tena. Midomo ya Kaka imeanza kusogea, anataka kummalizia, nimemwekea mkono gotini. Ameacha.

Nachungulia taa kila nikimaliza mstari. Kijani zote.

Saa ya somo imepita. Mwalimu hajakata. Namsikia hasemi kitu, anangoja tu, na hata kungoja kwake kunapita ukutani bila kukatika.

Kaka amesimama. Anatazama saa, anatazama nje kwenye gari. Amegonga mlango kwa kidole kimoja, kwa adabu.

"Mama, umemaliza? Twende?"

Nimeacha kuandika nisikilize.

"Bado."

Neno zima. Ni Mama. Na si sauti ya kuomba.

Kaka bado ameshika kitasa. Hajafungua. Ananitazama kama anayetaka nimtafsirie, na mimi simtafsirii. Ndani, ile pumzi imeanza tena.