Mabega ya Ukuta

9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na cherehani yako haikusumbui. Mimi sijambo kidogo. Sitaandika mengi kwa sababu mkono unauma. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu kabla hujasikia kwa watu: mama, nimeokoka. Ni Mungu tu. Nitakueleza nikipata nguvu.

Kitindamimba wako.

17 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba! Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza. Barua yako niliisomea pale pale mlangoni. Umeokoka! Wewe, uliyeniambia siku tuliyomzika baba yako kwamba wewe na kanisa basi! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio na fimbo, akidhani nimeona nyoka. Jumapili mchungaji alilitangaza mbele ya watu wote, kwaya ikaimba, nami nikacheza mpaka kiatu kikakatika kisigino.

Unasema mkono unauma. Nilicheka peke yangu. Hayo ni makofi ya ibada, mwanangu. Asiyezoea aanze polepole. Niambie ni nani aliyekuongoza hata ukaokoka, nimwombee. Nimeshakata kitambaa cheupe, nakushonea shati la kwendea kanisani.

Mama yako, mwenye furaha isiyo na kifani.

30 Machi

Mama,

Shikamoo. Kaa kwanza kitini ndipo usome.

Sikuokoka kanisani. Niliokoka kisimani.

Unakumbuka nilikwambia kazi yetu ya kuchimba visima, na yule mwenzangu mrefu tuliyemwita Ukuta, kwa sababu ukimsemesha ni kama umesemesha ukuta. Siku hiyo tulikuwa chini sote wawili. Ndoo ilikuwa imepanda na mchanga, na kamba ilikuwa bado juu. Kisima kikaanza kumeguka. Mchanga ulitufika magotini kabla hatujamaliza kupiga kelele. Wa juu wakarudisha kamba, lakini ikanasa, ikaning'inia mahali ambapo hata Ukuta hakuweza kuifikia.

Akapiga bega lake, akaniambia, "Panda."

Nikasema, "Panda wewe, nitakubeba."

"Utanibeba na miguu hiyo ya kuku? Panda, usinipotezee muda."

Ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nikapanda mabegani kwake na viatu vyangu vya kazi. Nikaishika kamba, ikanichuna viganja. Mama, mchanga ulikuwa unamfika kifuani, kisha shingoni, na yale mabega hayakutikisika. Alikuwa amenishika vifundo vya miguu, akinisukuma juu. Halafu mikono ikaniachia, nami nikavutwa.

Walichimba mpaka jioni. Walimkuta amesimama, mikono iko juu.

Ukuta wa kisima ulianguka, Ukuta mwenyewe akasimama. Naye ana mke. Mimi sina hata kuku anayenitegemea. Tangu siku hiyo sijavivaa vile viatu, natembea peku. Chakula hakipiti. Najua nyumba yake ilipo, nikikaribia kona yake miguu inakataa. Nitamwambia nini? Kwamba nilimkanyaga mumewe ili niishi? Mnavyoimba huko, mnaniimbia mtu ambaye angekufa yeye ingekuwa haki.

Usinishonee shati.

Mwanao.

21 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa, nisamehe. Baada ya barua yako nilikaa mbele ya cherehani siku nyingi bila kushona.

Jumapili nilisimama kanisani, nikawaambia: mwanangu hakuwa na maana ile tuliyoishangilia. Wengine waliinamisha macho kwa aibu yangu. Lakini nikiwa nimesimama pale nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuijua. Nikaona kwamba wewe ndiye uliyelitumia neno sawasawa. Sisi ndio tuliokuwa hatujui tunachoimba. Miaka yote hii nimeimba kwamba Bwana alikufa kwa ajili yangu huku nikiwaza kama mboga nimeifunika. Sikuwahi kuuhisi mchanga. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu chini yangu. Nikakaa chini, na kwaya haikuimba siku hiyo.

Unauliza kwa nini wewe. Mimi niliyekuzaa sijui. Wewe ni mbishi, mvivu wa kuandika barua, na ulianza kuoga bila kufukuzwa ulipoota ndevu. Ukitafuta ndani yako sababu ya mtu kukufia hutaiona, nami nikiitafuta ndani yangu siioni. Aliyetufia hakungoja sababu. Ndilo linalonitisha, tena ndilo linalonifanya nitake kupiga magoti.

Sasa sikiliza, maana nasema kama mama. Usipokula, unakifukia tena kile alichokitoa kisimani. Nenda kwa mkewe. Usimtume mtu. Chukua na viatu.

Mama yako.

12 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Viganja vimepona, vimebaki na makovu. Nimekula.

Nilikwenda. Mkewe ni mwembamba, naye anasema haraka, nadhani alikuwa akisema kwa niaba ya wote wawili. Nilijitambulisha, nikamsimulia jinsi nilivyopanda mabegani kwa mumewe. Kisha akaniomba viatu nilivyovishika mkononi, akavigeuza juu chini, akatia kidole kwenye meno ya soli, polepole, jino baada ya jino.

"Tulipomwosha," akasema, "tuliona alama hizi mabegani. Hakuna aliyejua ni za nini. Nilidhani alikufa akihangaika gizani peke yake. Kumbe alikuwa kazini."

Akalia, nami nikalia. Nikamwambia avichukue, mimi sistahili kuvivaa. Akanitazama kama unavyonitazama nikisema upuuzi.

"Unataka kurudisha? Alichokupa hakirudishwi. Vaa."

Nikavaa, mama. Akapiga magoti, akanifunga kamba za viatu yeye mwenyewe. Nilitaka kumzuia, nikamwacha.

Njiani nilikumbuka jambo. Nikiwa mdogo nilikuuliza kwa nini Bwana alifufuka akiwa bado na majeraha, wakati angeweza kuyaponya. Ukaniambia nimalize chakula changu. Sasa nadhani najua. Zile ni nyayo zetu, na hakutaka kuzifuta.

Nilisimama katikati ya barabara, watu wananipita. Niliitazama miguu yangu, na sikuthubutu kupiga hatua kwa muda mrefu. Kila mahali palikuwa ni mabega.

Limalizie lile shati. Mama, nimeokoka. Safari hii ulivyosikia ndivyo. Iambie kwaya.

Kitindamimba wako.