Mtetea Mweupe

Baba Wegesa,

Ugali wa mtama uko kwenye sufuria, mboga nimeifunika kwa ungo. Wegesa asichote maji, miguu yake bado haina nguvu. Kaka yake Simioni ndiye aende mtoni.

Mtetea mweupe msimtafute. Nimemchukua mimi, nimekwenda naye kanisani.

Nimechoka kubishana, ndiyo maana nimeandika. Na kwa kuwa darasa la watu wazima limekufundisha kusoma, usimpe mtoto akusomee. Asubuhi umesema kuku ameanza kutaga, Mungu angoje vifaranga. Lakini Wegesa alipougua surua, ni wewe uliyemshika huyo mtetea mbele ya mwinjilisti ukasema, "Mtoto akipona, huyu ni wa Bwana." Mimi sikutamka neno. Sasa mtoto amepona, kutwa anadai uji, na wewe umemsahau uliyemwomba.

Mayai yaliyo kwenye kiota ~~msiyaguse~~ mchemshieni Wegesa.

Ukimtaka kuku wako, sadaka zitauzwa kwa mnada baada ya ibada, kama kawaida. ~~Tutaonana mnadani.~~ Njoo mapema, uanzie ndani.

Siku ile ulimlilia Mungu mpaka majirani wote wakatoka nje, maana tangu tuhamie kijiji cha ujamaa nyumba zimekaribiana. Leo sidai kelele. Sema asante tu, hata kwa sauti ndogo, ila Wegesa awe karibu akusikie.

Mama Wegesa